Zakayo na Hesabu ya Dhuluma

Dominika ya Thelathini na Moja ya Mwaka C
Masomo: Hekima 11:22 – 12:2, 2 Wathesalonike 1:11 – 2:2, Luka 19:1-10





Habari ya Zakayo twaijua tangu utotoni. Katekista alipotusimulia kwa mara ya kwanza, tulicheka. Tulimwona mtu mzima, tajiri, mkuu wa watoza ushuru, amekunja kanzu yake na kuparamia mkuyu kama kijana mchunga mbuzi. Hata leo ukimwuliza Mkristo yeyote Zakayo alikuwa nani, atakujibu upesi kwamba ni yule mtu mfupi aliyepanda mti. Mti tumeukumbuka, hesabu tumeisahau. Leo basi twataka kuzungumza nanyi juu ya hesabu.

Zakayo alipokwisha kushuka na kumkaribisha Bwana nyumbani kwake, hakuishia kusema kwamba anasikitika. Mwinjili Luka hatuambii kwamba alilia, wala kwamba alipiga magoti. Atuambia kwamba alisimama, akataja viwango. Nusu ya mali yake aliwaahidi maskini. Na yeyote aliyemtoza kwa hila, alisema atamrudishia mara nne. Hapo ndipo Bwana alipotangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Mara nne si kiwango cha kubahatisha. Katika Torati, mtu aliyekiri mwenyewe kosa la kumdhulumu mwenzake alipaswa kurudisha alichokichukua na kuongeza juu yake sehemu ya tano. Lakini aliyeiba kondoo, akamchinja au kumwuza, huyo alilipa kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo angeweza kujichagulia sheria iliyo nyepesi, na hakuna ambaye angemlaumu. Akachagua ile ya mwizi wa kondoo. Alikubali kujiita kwa jina ambalo watu wa Yeriko walikuwa wakimwita siku zote kichinichini.

Tena angalieni, ndugu wapendwa, kwamba mafungu aliyoyatoa ni mawili. Fungu moja ni la wale aliowadhulumu. Fungu la pili, nalo ni nusu ya kila alicho nacho, ni la maskini kwa jumla, wakiwamo watu ambao labda hakupata hata kuwaona. Kwa nini hakutosheka kuwalipa aliowatoza? Twadhani sababu ni hii: dhuluma haiachi jeraha kwa mtu mmoja peke yake. Huacha nyuma yake njia iliyokwisha kukanyagwa, na kesho mwingine ataipita njia ile ile. Anayetaka kutengeneza kweli hana budi kumtibu aliyeumia, kisha aizibe na njia.

Ili tuelewe vizuri mafungu hayo mawili, twawaomba msafiri nasi hadi nchi ya mbali, nchi ya Kanada, tuone jinsi taifa zima lilivyojikuta limesimama mahali pale pale aliposimama Zakayo.

Katika jimbo la British Columbia, lililo pwani ya magharibi ya Kanada, waliishi tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa watu wenye asili ya Japani. Walikuwa wavuvi, wakulima wa matunda, wenye maduka, wakata miti. Watoto wao walizaliwa huko, wakasoma huko, wakasema Kiingereza kama majirani zao. Hata hivyo jimbo hilo halikuwaruhusu kupiga kura. Walikuwa raia, lakini raia wa kusimama mlangoni.

Tarehe 7 Desemba 1941 majeshi ya Japani yalishambulia Pearl Harbor, na vita vikaenea katika bahari ya Pasifiki. Mara moja boti za uvuvi zipatazo 1,200 zilikamatwa. Mwezi wa Februari 1942 ikatoka amri kwamba kila mtu mwenye asili ya Japani aondoke katika ukanda wa pwani wa upana wa maili 100. Hawakuulizwa kama ni raia au la. Hawakuulizwa kama ni wazee au watoto wachanga. Watu wapatao 22,000, walio wengi wao wakiwa raia kwa kuzaliwa au kwa kuandikishwa, waliondolewa makwao. Miongoni mwao hakuna hata mmoja aliyepata kushtakiwa kwa kosa la kuihujumu nchi.

Maelfu yao walikusanywa kwanza katika viwanja vya maonyesho vya Hastings Park mjini Vancouver. Wanawake na watoto wakalazwa katika mabanda yaliyojengwa kwa ajili ya mifugo. Kisha wakapelekwa milimani, katika miji ya machimbo iliyokuwa imeachwa ukiwa, kama vile Slocan, Kaslo na New Denver. Wanaume wengi walitenganishwa na jamaa zao wakatengeneze barabara. Jamaa nyingine zikapelekwa mashamba ya viazi-sukari huko Alberta na Manitoba.

Walipoondoka waliambiwa kwamba mali zao zitatunzwa. Serikali ilikuwa na ofisa aliyepewa kazi hiyo ya kutunza. Lakini mwezi wa Januari 1943 ofisa huyo alipewa mamlaka ya kuziuza bila idhini ya wenyewe. Nyumba, mashamba, boti, vyombo vya nyumbani, vyote vikauzwa, mara nyingi kwa bei ya kutupa. Na fedha zilizopatikana zilitumika kulipia chakula na matunzo ya watu wale wale walionyang'anywa. Ndugu, hebu fikirini: mtu anafungwa, nyumba yake inauzwa, na fedha ya nyumba yake ndiyo inayolipia kifungo chake!

Vita vilipokaribia kwisha, walitakiwa kuchagua: ama wahamie mashariki ya Milima ya Rocky, ama wapelekwe Japani. Watu wapatao 4,000 wakapakiwa melini mwaka 1946, wengi wao wakiwa wamezaliwa Kanada na hawajapata kuiona Japani. Amani ilikuwa imekwisha kutangazwa mwaka 1945, lakini waliobaki hawakuruhusiwa kurudi pwani hadi tarehe 1 Aprili 1949. Na waliporudi, hapakuwa na pa kurudi.

Mtatuuliza, je, Wakristo walikuwa wapi? Wengi walinyamaza, na wengine hata walifurahia kupata shamba la jirani kwa bei nafuu. Lakini haikuwa wote. Katika mji mdogo wa Greenwood, Masista Wafransisko wa Upatanisho walikwenda pamoja na waliohamishwa, wakawafungulia watoto wao shule. Hawakuwa na uwezo wa kuitangua amri ya serikali. Walikuwa na uwezo wa kufundisha kusoma, nao wakafundisha. Tusilidharau tendo kama hilo. Siku ambayo hatuwezi kuuzuia uovu, twaweza walau kutowaacha peke yao wale unaowaangukia.

Miaka ikapita. Wazee wengi walikaa kimya. Hawakuwasimulia wana wao, kwa maana aibu ya aliyedhulumiwa ni jambo la ajabu: aliyetenda huisahau, aliyetendewa huona haya kuitaja. Mwaka 1981 mwandishi Joy Kogawa, ambaye aliondolewa Vancouver na jamaa yake akiwa mtoto, alitoa riwaya iitwayo Obasan, na watu wengi wakasikia kwa mara ya kwanza yaliyotukia. Vijana wakaanza kuuliza, wazee wakaanza kujibu. Chama cha kitaifa cha Wakanada wa asili ya Kijapani, kikiongozwa na mwalimu Art Miki, kilidai si fedha tu bali kukiriwa kwa kosa. Mwaka 1986 uchunguzi wa wahasibu ulikadiria kwamba hasara waliyoipata haikupungua dola za Kanada milioni 443, kwa thamani ya fedha ya mwaka ule.

Hatimaye, tarehe 22 Septemba 1988, Waziri Mkuu Brian Mulroney alisimama bungeni mjini Ottawa, akakiri kwa niaba ya taifa kwamba waliyotendewa watu hao yalikuwa dhuluma. Naye kama Zakayo akataja viwango. Kila aliyeathirika ambaye alikuwa bado hai angepewa dola 21,000. Waliohukumiwa kwa kuzivunja amri zile za dhuluma wangefutiwa hatia. Waliopelekwa Japani wangerudishiwa uraia. Dola milioni 12 zingetolewa kwa ajili ya kujenga upya maisha ya jamii yao.

Hayo yote, ndugu wapendwa, ni fungu la kwanza: fungu la waliodhulumiwa. Lakini katika mapatano yale lilikuwamo na fungu la pili, nalo ndilo lililotufanya tuilete habari hii mbele yenu leo. Zilitengwa dola nyingine milioni 24 ili kuanzisha Wakfu wa Kanada wa Uhusiano baina ya Watu wa Asili Mbalimbali, yaani chombo cha kupiga vita ubaguzi wa rangi katika nchi nzima. Fedha zote zilitoka katika hazina ya serikali. Lakini ziligawanywa hivi: milioni 12 ni mchango wa serikali yenyewe; na milioni 12 ni kwa jina la Wakanada wa asili ya Kijapani, kwa kuwakumbuka wale walioteseka.

Je, mwaliona jambo hili? Fedha ile ilikuwa sehemu ya fidia. Wangeweza kudai igawanywe kwao hadi senti ya mwisho, na ingekuwa haki yao, maana dola 21,000 hazikukaribia thamani ya nyumba, shamba na miaka saba ya maisha. Badala yake walikubali iwekwe kando ili mtoto wa Mwafrika, wa Mhindi, wa Mchina, wa wenyeji wa asili wa nchi ile, asije akatendewa walivyotendewa wao. Katika Injili aliyetoa ni mkosaji. Hapa na aliyekosewa naye ametoa.

Sisi Waswahili neno wakfu twalijua. Ni mali iliyowekwa kando, isiuzwe wala isiliwe, bali faida yake itumike kwa jambo jema. Ni kama ng'ombe ambaye jamaa wamekubaliana kwamba hatachinjwa hata ije sikukuu gani, ila maziwa yake yatanywewa na watoto wote wa mtaa. Ndivyo ulivyo wakfu ule: mtaji hukaa, na mapato yake hulipia uchunguzi, mafundisho, na misaada kwa vikundi vya wananchi vinavyowatetea wanaobaguliwa. Umeundwa kwa sheria, na wanaouongoza huteuliwa na serikali, lakini hauendeshwi kama idara mojawapo ya wizara.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba tumekuja hapa kusifu mashirika. Kila kazi ya wanadamu ina upungufu wake, na katika habari hii tunaona upungufu wa aina tatu ambao watufundisha sisi pia.

Kwanza, ahadi ilichelewa. Mapatano yalitiwa sahihi mwaka 1988. Sheria ya kuuanzisha wakfu ilipitishwa mwaka 1991. Ikaanza kutumika Oktoba 1996, na milango ya ofisi mjini Toronto ikafunguliwa Novemba 1997. Miaka tisa! Na kabla ya hapo ilikwisha kupita miaka arobaini na sita tangu amri ya kwanza hadi siku ya kukiri. Fidia ilitolewa kwa walio hai tu. Wale waliokuwa watu wazima mwaka 1942, waliopoteza boti na maduka waliyoyajenga kwa jasho lao, wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Zakayo hakusema atarudisha wakati utakapofaa. Alisema siku ile ile, chakula kikiwa bado mezani. Ahadi ni deni, na deni la haki huongezeka kila mwenye kudai anapokufa.

Pili, yako maswali juu ya mkono unaolisha. Chombo kinachoishi kwa fedha iliyotoka serikalini, na ambacho viongozi wake huteuliwa na serikali, chaweza kuikemea serikali hiyo inapokosea? Swali hili ni la haki, na si la Kanada tu. Nasi twalijua. Mhubiri anayekaa mezani pa tajiri hupata taabu kumwonya tajiri. Hapa Bwana wetu ndiye kielelezo: alikula kwa Zakayo, lakini hakununuliwa kwa chakula cha Zakayo. Ni nani aliyebadilika baada ya karamu ile? Si mgeni, ni mwenyeji.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wakfu hauwezi kutubu kwa niaba ya mtu. Waweza kufundisha, kuchunguza, kutetea. Hauwezi kumpenda jirani yangu mahali pangu. Ingekuwaje kama Zakayo angetoa nusu ya mali yake kwa maskini, kisha kesho yake akarudi kwenye meza ya ushuru na mizani ile ile ya hila? Watu wa Yeriko wangempigia makofi asubuhi na kumlaani jioni.

Hapa, ndugu wapendwa, hatuna budi kunyamaza kidogo na kujitazama sisi wenyewe, sisi Kanisa. Kwa maana katika nchi ile ile ya Kanada kulikuwa na dhuluma nyingine, kongwe zaidi, na katika hiyo mikono yetu haikuwa safi. Kwa zaidi ya miaka mia moja, watoto wapatao 150,000 wa wenyeji wa asili waliondolewa kwa wazazi wao, wakapelekwa katika shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa na Makanisa. Nyingi katika shule hizo ziliendeshwa na mashirika ya Kikatoliki. Watoto walikatazwa kusema lugha ya mama zao. Wengi walipigwa, wengine waliharibiwa, wengine walikufa wasirudi nyumbani. Serikali iliomba radhi bungeni tarehe 11 Juni 2008. Na tarehe 25 Julai 2022, hayati Baba Mtakatifu Fransisko, akiwa mzee na mgonjwa, akipelekwa kwa kiti cha magurudumu, alifika Maskwacis katika jimbo la Alberta, akawaomba msamaha watu hao mbele yao, katika nchi yao. Wala hakuwaambia kwamba mambo yamekwisha. Aliwaambia kwamba kuomba msamaha ni hatua ya kwanza tu.

Tunayasema haya si kwa kulitia Kanisa aibu, bali kwa sababu Zakayo hakupoteza heshima yake aliposimama na kuutaja wizi wake. Siku ile ndiyo aliyoipata. Mama Kanisa naye hana sababu ya kuogopa kufanya yale tunayomwagiza kila mtoto wa Komunyo ya kwanza ayafanye katika Kitubio.

Labda kuna anayesema moyoni: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yatuhusu nini? Ndugu, turudi karibu. Mwezi wa Agosti 1972, katika nchi jirani ya Uganda, Idi Amin aliwapa watu wa asili ya Kiasia siku 90 waondoke. Wengi wao walizaliwa Jinja, Kampala, Mbale. Hawakuwa na kwao kwingine. Nyumba na maduka yakabaki. Huko nako kukaundwa bodi ya kutunza mali za walioondoka, na wengi katika majirani waligombea kutunziwa! Wako walioshangilia barabarani. Na wale waliofukuzwa walikwenda wapi? Maelfu yao walipokewa na Kanada ile ile. Nchi iliyowatenda raia wake hivyo mwaka 1942 ikawafungulia mlango waliotendwa vivyo hivyo mwaka 1972. Nayo Uganda, katika miaka ya 1990, ilirudisha majengo mengi kwa wenyewe. Hivyo twaona kwamba hakuna taifa lililozaliwa baya wala taifa lililozaliwa jema. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Na mkono unaoushika leo ndio utakaouhisi kesho.

Tena turudi karibu zaidi, mpaka ndani ya jumuiya zetu ndogo ndogo. Mume amefariki. Arobaini haijafika, na ndugu za marehemu wamekwisha kupima shamba kwa hatua. Mjane anaambiwa arudi kwao na watoto. Nani anayekaa kimya? Sisi tuliokula pilau ya matanga. Bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa miaka sitini ya kupika, anasingiziwa uchawi, anahama usiku, mwaka unaofuata migomba yake ina mwenyewe mpya. Nani aliyeinunua? Pengine ni mtu anayepokea Komunyo kila Dominika. Binti wa kazi amefanya kazi miezi minane, amelipwa miwili, akidai anaambiwa ameiba kijiko. Je, hizi si amri za kuhamishwa? Tofauti ni kwamba hazikuchapwa katika gazeti la serikali.

Hatusemi kwamba kila aliye na shamba amelipata kwa dhuluma. Wako wengi waliotoka jasho. Lakini ni vema kila mmoja wetu, wiki hii, atazame kile alicho nacho, aulize kilifikaje mkononi mwake. Na akikuta kwamba kuna mwenye nacho aliyesahauliwa, tunamwomba ashike njia ya Zakayo, ambayo twaweza kuieleza katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kukiri kwa kutaja. Si kusema, kama nimekukosea unisamehe. Neno kama ni mlango wa nyuma. Zakayo alisema ni nini na ni kiasi gani. Ukimwendea mjane yule, umwambie: shamba hili la migomba, kutoka mkuyu ule hadi mtoni, ni lako, nasi tulilitwaa.

Hatua ya pili ni kurudisha. Katekisimu inatufundisha kwamba aliyechukua cha mtu anawajibika kukirudisha, au kulipa thamani yake. Kuungama kwa padre na kubaki na shamba ni kumfanya Mungu shahidi wa wizi. Kama kitu chenyewe hakipo tena, kipo kingine. Kama mwenyewe amekufa, wapo watoto wake. Kama umeshindwa kulipa kwa mara moja, lipa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatua ya tatu ni kuiziba njia. Hapa ndipo jumuiya nzima inapoitwa. Serikali ina wajibu wake wa kutunga sheria na kutenga fedha kwa ajili ya wanyonge, nasi kama raia yatupasa kuidai iutimize, na tuulize fedha hizo zinakwenda wapi. Lakini hatuhitaji kungoja milioni 24. Jumuiya yenye kaya kumi na tano yaweza kuweka wakfu wake: mbuzi mmoja, mfuko mdogo wa fedha, nauli ya kumpeleka mjane mahakamani, mzee mmoja mwenye kujua sheria za ardhi atakayekaa naye siku ya kugawa mirathi. Tena mpatieni nafasi ya kuuongoza mfuko huo yule aliyepata kudhulumiwa. Yeye ndiye ajuaye mahali banda linapovuja.

Nanyi mliodhulumiwa, mnaotusikiliza leo na moyo umewaka, hatuthubutu kuwaambia msahau. Bwana hakuwaambia watu wa Yeriko wasahau ushuru. Dai haki yako. Kuidai si dhambi. Lakini tunawaomba jambo moja, nalo ni gumu, nasi twajua ni gumu: siku haki yako itakaporudi, isiwe yako peke yako. Weka fungu, hata liwe dogo kama punje ya haradali, kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaumizwa. Wavuvi wale wa British Columbia hawakurudishiwa boti zao. Lakini kwa jina lao umewekwa wakfu, na mtoto asiyewajua anatetewa.

Somo la kwanza la leo latuambia kwamba Mungu hakichukii chochote alichokiumba, na kwamba hutuadhibu kidogo kidogo ili tupate nafasi ya kugeuka. Nafasi hiyo ndiyo muda tulio nao. Yesu alikuwa akipita tu Yeriko; alikuwa njiani kwenda Yerusalemu, kwenye msalaba, wala hakupita tena njia ile. Kama Zakayo angesema, Bwana, njoo wiki ijayo nikiwa nimepanga hesabu zangu, angebaki juu ya mkuyu mpaka leo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetazama juu ukamwita kwa jina mtu aliyechukiwa na wote, utazame nasi tuliojificha katika majani ya mali zetu. Utupe ujasiri wa kushuka. Utupe ulimi wa kutaja tulichotwaa, na mkono wa kukirudisha. Uwafariji waliohamishwa, walionyang'anywa, waliosingiziwa. Uzijalie serikali zetu zikumbuke kwamba zimewekwa kwa ajili ya mnyonge kwanza. Na siku utakapokuja kukaa nyumbani mwetu, usikute chombo hata kimoja chenye jina la jirani. Wewe unayeishi na kutawala, daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.